Mizani Moja Aliyoiachia Mkaguzi

Kabla ya yote, mume wa marehemu anaombwa radhi mbele ya watu wote kwa kunyimwa karatasi hii ya wasifu wa marehemu. Tangu Ijumaa ameiomba kwa upole, akaiomba kwa ukali, na juzi akamtuma binti yake aje kuiomba kwa machozi. Hata kwa mpiga chapa alipita, akijifanya anaulizia karatasi za kufungia mikate, kumbe macho yote yako kwenye meza ya kazi. Mpiga chapa akamwambia ana maagizo. Mume ana haki ya kuingiwa na shaka. Lakini aliyekataza asiione si mdogo wa marehemu anayewasomea hapa. Aliyekataza ni marehemu mwenyewe, na mnamjua: akishasema hapana, hata umbembeleze vipi, ni hapana.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1957 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, zile zenye milango ya kijani inayotazamana, akiwa mtoto wa pili kati ya watatu wa fundi wa injini na mshonaji wa nguo za shule. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu alipozaliwa hakulia, alitazama kwanza. Mkunga akasema, "Huyu mbona anatuangalia hivi, kama tumemficha kitu?" Alipofika umri wa kula na wenzake ikawa kazi. Mama akikata papai, yeye hagusi kipande chake mpaka ahakikishe cha mdogo wake si kikubwa zaidi. Akibadilishiwa, anaanza kukitilia shaka kile alichokiacha. Mdogo wake alijifunza kula haraka sana, na mpaka leo anakula haraka, na sasa mnajua sababu.

Alianza shule ya msingi Januari 1965 na kumaliza sekondari Novemba 1975. Hesabu ndiyo iliyokuwa somo lake, si kwa kulipenda, bali kwa sababu aliona ni somo pekee ambalo mtu anaweza kuhakikisha kwamba haibiwi. Likizo moja nzima alikaa mezani akirudia maswali yote ya kitabu cha hesabu, kwa kuwa aliamini majibu yaliyochapwa nyuma yana makosa. Kaka yake mkubwa alimcheka, baba akamwambia atoke nje akacheze kama binadamu. Likizo ilipokwisha ikaonekana kitabu kiko sawa. Hakufurahi hata kidogo.

Tarehe 1 Machi 1976 aliajiriwa katika ofisi ya mizani na vipimo, kwanza kama msaidizi, na baada ya mafunzo akawa mkaguzi kamili, mwanamke wa kwanza katika ofisi ile. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja kirefu nyuma ya soko la jumla, dirisha lina wavu, sakafu imelika kwa kuburuzwa magunia. Katika kabati la chuma kulikuwa na sanduku lake la mbao lenye mawe ya shaba ya kupimia, kila jiwe katika shimo lake. Hakuna aliyeruhusiwa kuyagusa kwa mkono mtupu. Jasho la vidole, alisema, nalo lina uzito.

Namna yake ya kufanya kazi lazima ielezwe, maana bila hiyo yanayofuata hayataeleweka. Hakuwa mtu wa kumvamia mfanyabiashara na kumfokea. Alikwenda kwanza kama mteja yeyote, bila sare, kikapu mkononi. Ananunua sukari, anatabasamu, anasema, "Haya, asante," anakwenda zake. Nyumbani anaipima ile sukari juu ya meza ya jikoni. Akikuta imepunjwa, hamwambii mtu. Anarudi siku nyingine na sare yake na sanduku lake, na hapo ndipo mwenye duka anapokiona cha moto. Sokoni walikuwa wakiambiana: yule mama akikugombeza huna neno, akikushukuru umekwisha. Walimwita Mama Asante, na hawakulisema jina hilo kwa mapenzi. Mpaka anastaafu mwaka 2017 hakuwahi kuachia mizani mbovu hata moja, iwe ya tajiri, iwe ya jirani. Mjomba wake mwenyewe, aliyekuwa na duka la misumari, alifungiwa mizani mbele ya wateja, na hawakusalimiana kwa muda mrefu.

Mume alimpata kazini, kama mtu anavyompata mshukiwa. Mwaka 1981 aliingia kwenye duka la mikate, mtaa wa pili kutoka sokoni, akanunua mkate wa nusu kilo, akashukuru, akaenda kuupima. Ulikuwa nusu kilo kamili. Machale yakamcheza. Akanunua mwingine, nao kamili. Akarudi na sanduku, akaipima mizani ya duka, ikawa sawasawa kabisa. Basi akainama akachungulia chini ya meza.

"Ya pili iko wapi?" aliuliza.

"Ya pili ipi?" akauliza mwokaji, unga umemjaa mpaka kwenye nyusi.

"Ile unayoitumia mimi nikiwa sipo."

"Mama, njoo wakati wowote utakao, utazame."

Akaja. Alikuja karibu kila wiki kwa miaka miwili, mpaka mama wa mwokaji akamuuliza mwanawe, "Huyu anakagua mizani au anakukagua wewe?" Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 12 Novemba 1983. Siku hiyo alipoulizwa kama anamkubali mtu huyu, alimtazama kwanza kutoka kichwani hadi miguuni, mpaka wageni wakaanza kutazamana. Baadaye alisema alikuwa anahakikisha. Walijaliwa binti mmoja na mwana mmoja. Watoto walijua mapema kwamba baba yao hawezi kusema uongo. Akijaribu, mikono yake inaanza kujifuta kwenye aproni, hata kama ni mikavu, hata kama aproni hakuvaa.

Mapema mwaka 2012 sketi za sare zikaanza kugoma kufunga. Marehemu alimshuku kwanza mshonaji, kisha sabuni, kisha mikate ya mume wake. Tumbo likazidi kujaa. Watu bwana! Sokoni ikanong'onwa kwamba Mama Asante ana mimba, na umri ule! Wapo waliompa mwokaji mkono wa pongezi, na wapo waliouliza chini chini kama kweli ni yake. Picha ya hospitali ikamaliza maneno: ulikuwa uvimbe, umeota kwenye kifuko cha mayai cha upande wa kushoto, mkubwa kama boga. Daktari mpasuaji alieleza kwamba hauwezi kutolewa kwa vitundu vidogo. Lazima tumbo lifunguliwe kwa mkato mrefu, kuanzia chini mpaka juu ya kitovu, utoke mzima bila kupasuka, kwa sababu ukipasukia ndani kilichomo kinasambaa.

Marehemu alikaa kitini wima, mkoba juu ya magoti, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Sasa daktari, mimi nitakuwa nimelala. Nitajuaje umetoa nini?"

"Tutakuonyesha, mama, kabla haujakwenda maabara."

"Na uzito wake?"

"Tutaupima."

"Kwa mizani ipi?"

Daktari alimtazama mwokaji kama anayeomba msaada. Mwokaji akatazama dari.

Alifanyiwa upasuaji Jumanne, tarehe 19 Juni 2012. Uvimbe ulitoka mzima, kilo nne na robo. Alipoweza kusimama aliomba aletewe sanduku lake. Akatembea korido nzima polepole, mkono mmoja umeshika tumbo, mwingine umemshika binti yake, mpaka wodi ya wazazi, kwa sababu uvimbe ulikuwa umepimwa kwenye mizani ya watoto wachanga. Wauguzi walijiziba midomo kwa kucheka. Akapanga mawe, akatazama mshale, akapangua, akapanga tena. Mizani ilikuwa sawa. Hakufurahi. Akapanda kwenye mizani ya watu wazima, akakuta uzito wake umepungua zaidi ya huo waliomtajia, akataka aelezwe kilichobaki kimekwenda wapi. Muuguzi akamwambia, "Mama, si hujala tangu ulazwe?" Akakubali kwa shingo upande.

Majibu ya maabara yalitoka yeye akiwa nyumbani, bado hawezi kupanda ngazi, na aliyekwenda kuyachukua ni mume wake. Yalikuwa mabaya. Ilikuwa saratani. Daktari alisema ganda halikupasuka, hakuna kilichoonekana kubaki, kwa hiyo dawa kali hazihitajiki kwa sasa, ila ugonjwa wa aina ile una tabia ya kurudi, na lazima achunguzwe kila baada ya miezi sita. Akasema pia, "Mlete mkeo tuzungumze." Mwokaji hakumpeleka mke wake. Alikwenda kwa kaka mkubwa wa marehemu, ambaye ndiye aliyekuwa baba wa familia tangu baba alipofariki, na kaka akaitisha kikao kwenye stoo ya unga.

Walikaa juu ya magunia, kaka, mwokaji na mdogo wa marehemu, mlango umefungwa. Kaka akasema, "Asiambiwe. Mnamjua alivyo, atakaa anaukagua mwili wake mchana na usiku mpaka hofu imuue kabla ya ugonjwa. Wewe mwokaji, utamwambia ilikuwa maji tu."

"Siwezi, shemeji," alisema mwokaji. "Tuma mwingine."

"Akiambiwa na mwingine yeyote hataamini."

Na hilo lilikuwa kweli. Kwa mwokaji halikuwa jambo dogo. Mwanamke yule hakumwamini mtu duniani ila yeye, na alimwamini kwa sababu moja tu, kwamba hakuwahi kumpunja hata chembe. Sasa anaagizwa akampunje. Akifahamu, amekwisha, na ndoa yote imegeuka ile mizani ya pili aliyoitafuta chini ya meza. Alilia pale kwenye magunia, akajifuta uso, akaacha unga mashavuni. Halafu akaenda. Ndivyo familia ilivyomtuma mtu asiyejua uongo akamdanganye mtu ambaye kazi yake ni kukamata waongo.

Marehemu alikuwa ameegemea mito.

"Wamesema nini?"

"Maji. Kifuko cha maji tu. Kimetoka, kimekwisha."

"Kilo nne na robo za maji."

"Ndiyo."

"Na mbona wanataka nirudi kila miezi sita?"

"Kuangalia mshono." Mikono ilikuwa imeshaanza kujifuta kwenye suruali.

"Mshono unaangaliwa kila miezi sita?"

"Ni mrefu," alisema mwokaji.

Marehemu alimtazama, akaitazama ile mikono, akamtazama tena. Kisha akatabasamu. "Haya," alisema, "asante."

Asante! Na ndugu zake, watu wazima na akili zao, waliojipanga nje ya mlango wakisikiliza, wakashusha pumzi wakidhani mambo yamepita salama.

Iliyofuata ilikuwa miaka ya kuchunguliana. Mwokaji alimshuku mke wake kwamba anamshuku. Akimkuta anasoma gazeti, anapita nyuma aone ni ukurasa wa afya au wa michezo. Akimsikia anaongea na jirani, anasimama dirishani na fagio, anafagia palepale. Kila siku moja kabla ya kwenda kliniki alikuwa akiimba dukani, kwa sauti kubwa, mtu ambaye siku nyingine zote haimbi na hana sauti ya kuimba. Marehemu yeye alikwenda kliniki bila kulalamika. Hapo ndipo familia ilipotakiwa kushtuka! Mtu aliyebishana na kila kondakta na kila karani, leo anavua viatu, anapanda kitandani, anapapaswa tumbo, anarudi nyumbani kimya. Kaka mkubwa akasema ni uzee unamtuliza. Hizo zilikuwa danganya toto, alijidanganya mwenyewe.

Mwaka 2023, mwezi wa nane, tumbo likaanza kujaa tena. Tarehe 26 Septemba alirudishwa chumba cha upasuaji, wakafungua kwenye mshono ule ule, na safari hii hawakukaa sana. Uvimbe ulikuwa umeshika pasipowezekana kukata. Wakafunga. Kuanzia siku hiyo mwokaji alitaka kusema. Alikuwa akisogeza kiti karibu na kitanda, anakohoa, anaanza, "Mke wangu, kuna jambo," na marehemu anamkatiza, "Tanuri umeliacha na nani?" Kesho yake tena, "Mke wangu, zamani kidogo," na yeye, "Hebu niinulie mto." Mwokaji akaona ni maumivu, hawezi kusikiliza. Akawa anameza maneno yake, anainua mto.

Marehemu alifariki dunia Alhamisi, tarehe 8 Februari 2024, asubuhi, chai yake ikiwa bado ya moto, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mume wake. Mwokaji alitoka nje ya wodi, akamshika mdogo wa marehemu bega, akasema, "Amekwenda hajui kwamba nilimdanganya. Mtu mmoja tu duniani aliniamini, na nimempunja mpaka dakika ya mwisho." Tangu hapo hali, na akilala anashtuka. Wanaomwona wanasema ni msiba. Msiba upo, lakini si huo peke yake.

Sasa, shemeji, inua kichwa. Karatasi uliyokuwa unaitafuta kwa mpiga chapa imefika kwenye sehemu uliyofichwa.

Mwezi Januari, mchana mmoja, marehemu alikutuma ukamnunulie machungwa ambayo hakuyataka. Ulipotoka, akamwita mdogo wake akae karibu, akamwambia hivi. Mwaka ule wa 2012, siku ya kwanza aliporudi kazini baada ya upasuaji, aliaga kwamba anakwenda kukagua wauza mkaa. Hakwenda kwa wauza mkaa. Alikwenda moja kwa moja kwa daktari mpasuaji, akaketi kwenye kiti kile kile, mkoba juu ya magoti, akasema, "Mume wangu ameniambia ni maji. Sasa niambie na wewe." Daktari akamwambia kila kitu, jina la ugonjwa, tabia yake, na kwa nini anaitwa kila miezi sita. Alipomaliza, marehemu akasema, "Haya. Na yeye asijue kwamba najua." Daktari, maskini wa Mungu, akabaki na siri mbili za watu wanaolala kitanda kimoja. Yuko pale nyuma, amekuja. Mwone anavyojikuna shingo.

Alijua, shemeji. Alijua kabla mshono haujakauka vizuri. Kila ulipoimba dukani alikuwa akimwambia binti yenu, "Kesho kliniki," na binti alidhani mama ana kumbukumbu nzuri.

Mdogo wake aliumia, akamuuliza, "Dada, kwa nini hukumwambia? Umemwacha anateseka miaka yote hiyo!"

Marehemu akasema, "Alibeba ili mimi nilale. Na nililala. Ningeamka nimwambie kwamba alichobeba ni bure?" Akapumzika kidogo, maana kuongea kulishakuwa kazi. Kisha akasema, "Mizani zote mbovu nilizokamata zilimpunja mnunuzi. Hii ilikuwa inampunja mwenye duka. Sijawahi kuona nyingine kama hiyo. Nikaiachia."

"Basi mwambie sasa, yuko hapo nje."

"Ataniomba msamaha, na mimi sitaki kumsikia akiniomba msamaha. Utamsomea siku nitakayokuwa siwezi kumjibu. Msomee mbele ya watu, asije akajifanya hakusikia. Na umwambie asante."

Mdogo wake akashtuka. "Asante ipi, dada? Ile ya sokoni?"

Marehemu alicheka mpaka akashika kidonda. "Hapana," alisema. "Kwa hii sirudi na sanduku."

Marehemu ameacha mume, binti, mwana, wajukuu wanne, kaka mkubwa ambaye leo anatazama viatu vyake, na mdogo wake. Ameacha pia soko zima ambalo litapumua, lisipumue sana, kwa sababu sanduku la mawe ya shaba amelirithi binti yake na ameshaanza kuuliza maswali. Mizani ya duka la mikate aliipima mwenyewe mara ya mwisho mwezi wa saba mwaka jana, akaikuta kama alivyoikuta mwaka 1981.

Apumzike dada yetu, asikague tena, afumbe macho akiwa na uhakika. Na wewe, shemeji, acha kufuta mikono. Amekushukuru.